Vile Kogo Anapiga Mkebe

24 Novemba 1991

Kwa Kogo, nyanya yangu, na Mama ambaye najua anachungulia begani kwako,

Nawasalimu nyote hapo jikoni. Mimi ni mzima, ila baridi ya Italia inaingia mpaka kwa mifupa, na nimeanza kulala na soksi mbili. Ng'ombe nyeusi imezaa? Weldon wa mzee Kipkurui bado anakuja kuwanywea maziwa ya mursik? Mwambieni nimesema abakishe.

Sasa nieleze kilichonisumbua. Masista wametangaza kwamba mwezi wa tisa tutafanya mtihani wa Kiitaliano. Anayepita anaingia chuo cha uuguzi. Anayeanguka anarudishwa kwao.

Mengine naweza. Kinachonishinda ni "ningesema". Kwetu unachomeka -nge- katikati, umemaliza kazi. Hapa mkia wote unageuka. Parlerei, ningesema. Parleresti, ungesema. Parlerebbe, angesema. Parleremmo, tungesema. Parlereste, mngesema. Parlerebbero, wangesema. Sista Agnese anatukatia silabi kwa rula juu ya meza: par-le-rei. Par-le-re-sti, na hapo S inashikana na T, haiachwi nyuma. Par-le-reb-be, na hapo B mbili zinaachanishwa kama ndama pacha, moja huku, moja kule. Uzito wa sauti hauhami, unakaa pale kwa "re" siku zote. Shida ni "wangesema", kwa sababu baada ya uzito kuna silabi mbili nyepesi: par-le-REB-be-ro.

Ulimi wangu hautaki. Umezoea kukanyaga ile ya pili kutoka mwisho, vile tunasema kila kitu kwa Kiswahili, wange-SE-ma, ma-JA-ni. Nikasema parlereb-BE-ro na darasa zima likacheka, hata yule msichana wa Ufilipino ambaye huwa hacheki.

Niombeeni.

Wenu, Chepchumba

*

Merigi, 5 Januari 1992

Chepchumba,

Chamge. Barua yako ilifika imelowa, huyo mtu wa posta aliibeba kama samaki. Sisi hatujambo. Ng'ombe nyeusi imezaa dume, kwa hivyo usifurahi. Chai inatoka vizuri. Mgongo wangu unauma mahali pale pale, na sijamwambia mtu, kwa hivyo na wewe usiulize.

Hii naandika na mkono wangu. Kule ngumbaru, shule ya watu wazima, nilisoma miaka miwili tu, nikiwa nimeshatoka meno, lakini kalamu naijua. Yako ilikuwa ndefu na ina maneno ya watu, nikamwacha Weldon aisome kwa sauti. Angalau Form Four yake imefanya kazi moja.

Nani alikufundisha kuchekwa na kunyamaza? Na hiyo lugha yako. Ningesema, ungesema, hiyo ni maneno ya watu wameshiba. Mimi nikitaka kusema nasema.

Lakini sitaki urudishwe. Kwa hivyo tumeanza kukusomea huku. Mama yako akivuna chai, mimi nakaa mwisho wa mstari na mkebe wa mafuta ya kupikia na mwiko, napiga hiyo "wangesema" yako. Ko, ko, ko, KO, ko. Mama yako anasema nimekosea, ati uzito uko katikati. Nikamwambia, mimi ndiye nilikutolea ng'ombe, si wewe ulinitolea.

Weldon akacheka. Nikamuuliza, kwani wewe unacheka nini? Mungu alininyima kijana, nikapeleka ng'ombe kwa mzee Bogonko huko Kisii, mimi mwanamke nikaoa Mongina vile mwanaume anaoa, kwa desturi yetu, mchana, watu wakiona. Baba yako Kipkurui alikunywa pombe ya hiyo harusi mpaka akatapika kwa zizi langu. Mtoto wa Mongina ni wa nyumba yangu. Kwa ng'ombe mimi ni baba yake, kwa mdomo ni Kogo. Sasa cheka tena.

Hakucheka tena. Akaomba mursik.

Soma. Usiniletee aibu.

Kogo

Mama yako Mongina anakusalimia. Kogo anapiga vibaya.

*

9 Februari 1992

Kogo na Mama wapendwa,

Mko aje? Hapa theluji imeanguka, inafanana na ile mvua ya mawe iliyotuharibia chai nikiwa darasa la sita, ila hii haina kelele. Nimenenepa kidogo. Wananilisha unga wa mahindi, wanauita polenta, na mtu hapaswi kuuita ugali.

Nilicheka na mstari wa Mama mpaka nikatolewa kanisani. Kogo, Mama yuko sawa. Weldon akusomee hapa polepole: ndogo, ndogo, KUBWA, ndogo, ndogo. Ko, ko, KO, ko, ko. Wewe unaweka kubwa kwa ya nne. Weldon apige, wewe usikilize.

Padre mmoja aliyetoka Kenya amesema huko kwetu watu wameanza kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila na kura. Alisema Sigor, na mjomba Mogaka yuko Sigor. Bado anatengeneza baiskeli? Mama asitembee peke yake. Niandikieni haraka.

Chepchumba

*

Merigi, 15 Machi 1992

Chepchumba,

Tumepata barua. Sisi watu wa hii boma ni wazima, na hiyo ndiyo salamu yote leo.

Mjomba wako Mogaka amekufa. Nakuambia mara moja kwa sababu ukizungushwa utaumia mara mbili. Walikuja mchana, vijana wa huku kwetu. Walimkuta kwa duka yake, wakafunga mlango kutoka nje na mnyororo wa baiskeli, wa kwake mwenyewe, wakawasha. Watu walisimama barabarani wakisikia. Mwanamke mmoja alikuwa amepeleka gurudumu kuzibwa, akawa anauliza atalipata wapi.

Mama yako hakulia mbele yangu. Alivuna chai mpaka vidole vikatoka damu.

Juzi Kipkurui alikuja na wazee wengine wawili. Hawakukaa. Akaanza kwa kuniita mwanamke: "Chepyoset, kila boma inatoa Kisii wake. Ya kwako tumeiacha mpaka Jumapili."

Nikamwambia, "Hapa hakuna Kisii. Kuna bibi yangu."

"Hiyo ni desturi tu."

"Na pombe uliyokunywa ilikuwa desturi ama ilikuwa pombe?"

Kipkurui akasema, "Kama wewe ni mwanaume, kila boma inatoa mwanaume na upinde. Lete upinde tuuone."

Nikamwambia upinde wangu unachemsha maziwa, angoje. Wakaenda. Wamekasirika, lakini hata mimi nimekasirika.

Sasa tumepanga hivi. Tukisikia firimbi kule kwa mti wa mkaratusi, mama yako anaingia chini ya chai. Unajua ile chai yetu ya zamani vile imeshikana juu kama meza, mtu akilala chini kwa shina hata jua halimuoni. Anakaa hapo kimya. Wale wakienda, mimi napiga mkebe hiyo "wangesema" yako, na yeye anatoka. Mtu akimwita kwa jina hatoki. Hata mimi nikimwita kwa jina hatoki, kwa sababu mtu anaweza kulazimishwa kuita.

Barua yako Weldon alisoma kabla hiyo taabu haijafika kwetu. Alipiga mkebe vile umeandika. Alipiga vizuri. Mama yako alimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Kogo

Mama yako Mongina anakusalimia. Usirudi.

*

Merigi, 10 Mei 1992

Chepchumba,

Mimi ni mzima. Huu mwandiko usiulize, kalamu ni mbaya.

Mvua ya mawe ilipiga chai. Ng'ombe nyeusi imepotea, labda imeliwa. Weldon haji tena hapa.

Mama yako hayuko karibu, ndiyo maana hajaandika.

Soma.

Kogo

*

7 Juni 1992

Kogo,

Nakusalimu, na sitauliza habari ya chai.

Barua yako imekuja na herufi zimelala kila upande kama zimechapwa, unaniambia ni kalamu. Mstari wa Mama haupo. Tangu nije huku hujawahi kunitumia karatasi ambayo hajaweka mkono wake chini, hata ile wiki alikuwa na malaria. Hayuko karibu ni wapi? Kisimani? Kaburini?

Nimeacha kula. Sista Agnese alipiga meza na rula nikaruka, nikajificha nyuma ya mlango, na sijui kwa nini. Nimemwambia Mama Mkuu sitafanya mtihani. Nataka kurudi. Amenipa muda mpaka barua yako ijibu.

Kama amekufa, sema. Wewe ndiye ulisema ukitaka kusema unasema.

Chepchumba

*

Merigi, 12 Julai 1992

Chepchumba,

Nimesalimu. Keti chini.

Mama yako nilimwacha akiwa hai. Hiyo shika kwanza, ndiyo uweze kusoma hii ingine.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa ya mchana, mawingu yameshuka mpaka kwa chai. Firimbi ikalia. Mama yako akaacha sufuria kwa moto akaingia chini ya chai, na mimi nikakaa mlangoni na mkebe chini ya kiti, kama mtu anangoja wageni. Wakaja vijana wengi, nyuso zimepakwa majivu na udongo, lakini mtu niliyemfunga nepi atanificha uso na majivu? Niliwaita majina yao mmoja mmoja. Hiyo iliwaudhi kuliko matusi.

Weldon alikuwa katikati. Amevaa ile sweta uliyomwachia.

Nyumba ya mama yako waliichoma kwanza. Mbuzi wake alikuwa amefungwa ndani, na alilia kama mtoto, na vijana wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu hakuwa ananyamaza. Mmoja aliingia na panga akammaliza, akatoka nywele zinaungua.

Wakaniambia, "Mwite."

Nikasema sina mtu wa kuita.

Weldon akasema, "Kogo, mkebe uko chini ya kiti." Akaniambia hivyo polepole, kwa heshima, na mursik yangu ilikuwa bado kwa tumbo lake. Akawaambia wenzake, yule mwanamke anatoka akisikia mkebe, kwa sababu alikuwa jikoni kwangu akitusikia tukipanga. Akanishikisha mwiko.

Nikamchapa nao. Si mkono, ni mdomo. Nilichapa kwa mti mgumu, na nguvu zangu zote nilizolimia chai, nikasikia meno yakivunjika kama mahindi mabichi. Alianguka magoti. Meno mawili yalibaki kwa mwiko. Sijuti. Hata leo niko na huo mwiko.

Basi wakanikamata. Wakaweka mkono wangu wa kulia juu ya lile jiwe la kunolea panga, mmoja akapiga na rungu. Alipiga tena. Vidole vilikaa vile majani yanakaa ukikanyaga. Nilikojoa, nakuambia ukweli, lakini sikuita.

Weldon akachukua mkebe mwenyewe. Damu inatoka mdomoni, inaanguka kwa mkebe. Akaingia kwa mstari wa chai akipiga vile ulimwandikia. Ndogo, ndogo, KUBWA, ndogo, ndogo. Alipiga vizuri kabisa, Chepchumba. Huyo Sista wako angempa alama zote. Akatembea mstari huu, akarudi na ule, anapiga, anangoja, anapiga, na wengine wamesimama pande zote na mishale kwa uzi, wanaangalia ni chai gani itatingishika.

Mimi nilikuwa nimelala kwa matope nikifikiria, sasa atatoka. Ameitwa sawasawa. Alimpigia makofi huyu kijana.

Chai haikutingishika.

Wakapiga mishale ovyo ndani ya chai, na wengine wakakata juu na panga, majani yanaruka. Mshale mmoja ulifanya sauti tofauti na ya kuingia kwa mti. Niliisikia. Wao hawakuisikia, kwa sababu hakuna mtu alipiga kelele.

Halafu mvua ya mawe ikaja. Ile kubwa, ya kutoboa majani. Wakafunika vichwa wakakimbia, na Weldon akatupa mkebe akakimbia pia, amefunika mdomo.

Nilitambaa mpaka kwa mkebe. Nilingoja mawe yapungue, kwa sababu yalikuwa yanapiga mkebe kila mahali, hakuna mtu angeelewa. Kisha nikapiga na mkono wa kushoto. Ko, ko, ko, KO, ko. Kwa ya nne, mahali naweka siku zote, mahali wewe na mama yako mnanikatalia.

Chai ikatingishika karibu na mimi hivi, kama hatua za mtoto. Akatoka kwa magoti. Mshale umeingia paja la kushoto ukatokea upande ule. Alikuwa ameuma kamba ya kikapu mpaka ikakatika mdomoni, ndiyo asilie.

Nikamuuliza, mbona hukutoka ulipoitwa vizuri? Akasema, "Ilikuwa vizuri sana. Nikajua si wewe."

Sasa unajua. Nilimbeba kwa mkokoteni wa maziwa, amefunikwa na magunia ya chai, mpaka hospitali ya misheni. Walitoa mshale. Wiki iliyofuata ndugu yake Kepher alikuja akamchukua kwao, upande wa Kisii, kwa sababu watu wetu walikuwa wameanza kuulizia hata pale kwa kitanda. Hiyo alifanya sawa, lakini tangu hiyo siku sijapata neno. Barabara imefungwa. Kidonda kilikuwa kinanuka alipoondoka. Kama yuko hai, sijui. Hiyo ndiyo nilikuwa sitaki kuandika, kwa sababu kuandika "sijui" ni kazi ngumu.

Wewe usikuje. Ukija huku, wewe ni Kisii. Ukienda kule, wewe ni Kipsigis. Hakuna mahali utaweka mguu. Fanya huo mtihani upite, nipate angalau mmoja ambaye najua analala wapi.

Kogo

*

20 Septemba 1992

Kogo,

Nimekaa na barua yako mpaka imechakaa kwa mikunjo. Pole kwa mkono. Sijui nimwambie nani pole nyingine.

Nimepita. Naingia chuo mwezi wa kumi. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na Sista Agnese mmoja wao. Wakanipa hilo hilo, niseme kutoka ningesema mpaka wangesema. Nikasema parlerei, nikasema parleresti, S na T zikashikana, nikasema yote sawa. Kufika la mwisho nikasikia mkebe. Nikasema parlereb-BE-ro. Kwa nguvu. Sista akainua uso, akanipa nafasi ya kurudia. Nikarudia vile vile. Akanikata alama, na sikuchekwa na mtu.

Lakini ni mimi nilimwandikia Weldon vile inapigwa. Mkono wangu ndio ulimfundisha. Usiku nasikia anatembea kwa mistari, anapiga vizuri.

Kuna habari ya Mama?

Chepchumba

*

29 Novemba 1992

Chepchumba,

Nakusalimu kutoka mahali hujawahi kupata salamu. Ya Weldon wacha. Wewe ulifundisha mtu herufi, mimi nililisha mtu maziwa, na hakuna ambaye alimpa panga kati yetu. Siku hizi ananipita njiani amefunika mdomo na mkono. Sijamsamehe na simtafuti.

Kupita umepita, lakini alama wamekukata kwa ujinga wako. Wakati mwingine sema vile wanataka, uchukue alama zako, halafu nyumbani sema vile tunataka.

Sasa sikia. Nilichoka kungoja. Leo asubuhi nilichukua mkebe nikaenda mpaka kwa ile barabara ya mpaka, karibu na kwao kina Kepher, huku chai yetu, ng'ambo chai yao, na hakuna tofauti, zote zinahitaji kupogolewa. Vijana wetu wako upande huu na pinde, vijana wao wako upande ule na pinde. Wetu wakaniuliza, "Chepyoset, unaenda kuuzia Wakisii mkebe?" Nikawaambia naenda kwa wakwe. Wakasema nikivuka nitachinjwa. Nikasema basi sivuki.

Nikakaa katikati ya barabara, kwa lami, miguu mbele, nikapiga. Mkono wa kulia haukunjiki tena, napiga na wa kushoto. Upande ule kijana mmoja akavuta uzi, akanilenga hapa kwa kifua, na mwenzake akamwambia, "Mogaka wetu alichomwa na hawa, maliza huyo." Nilimsikia. Sikusimamisha mkebe. Kama ni kunipiga, anipige nikiwa kazini.

Jua likapanda. Wale wetu wakaanza kucheka, ati mzee amerukwa na akili. Wale wao wakaanza kucheka pia. Kijana mmoja wa kwao akapiga mawe mawili kuniiga, akaweka uzito katikati, sijui alijuaje, na nikamwambia, wewe, umekosea.

Mwanamke akatoka kwa chai ya upande ule. Ana fimbo. Amekonda, nywele zimeingia mvi mbele, mguu wa kushoto unafuata nyuma kama ng'ombe iliyofungwa. Yule kijana wa mshale akamwambia rudi. Hakumwangalia.

Hatukushikana. Tuko na watu wengi wanatuangalia, na mimi si mtu wa hayo. Aliketi karibu na mimi kwa lami. Nikamuuliza kidonda, akanionyesha, kimefunga. Akauliza mkono, nikamwonyesha. Akaona karatasi na kalamu kwa mfuko wangu akajua ni za kukuandikia.

Kwa hivyo hii unayosoma nimeiandikia barabarani, juu ya paja lake zima. Leo harudi na mimi, watu wangu hawajashiba. Jumapili ijayo nitakuja tena na mkebe, na ile ingine, mpaka hawa vijana wachoke kutushikia mishale. Sasa ananinyang'anya kalamu.

Kogo

Mama yako Mongina anakusalimia. Kogo bado anapiga vibaya.